Andikeni Neno na Jina la Aliyelitoa

 

Wahitimu wetu wa ualimu wa chekechea, mkishapata madarasa yenu, wasimulieni watoto habari za Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844. Julai ya mwaka huohuo aliwazika mkewe Rosine na kitoto chao kichanga. Hakurudi kwao. Alikaa akajifunza lugha, na mwaka 1850 akachapisha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba kikiwemo.

Watoto hupenda safari, basi anzieni hapo. Novemba 1849 alitoka Rabai kwa miguu, akakata nyika ya Tsavo hadi Kitui, kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba. Kivoi alimweleza habari za mlima mkubwa wenye weupe kileleni, na tarehe 3 Desemba Krapf akauona kwa macho yake. Aliporudi kwa Kivoi mwaka 1851, msafara wao ulivamiwa karibu na mto Tana, Kivoi akauawa. Krapf alijificha msituni peke yake, kisha akateka maji ya safari kwa mtutu wa bunduki na mkoba wa darubini. Mkifika hapo hata yule mtundu wa nyuma atatulia.

Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882. Mwenyewe hakuishika, alikuwa amefariki Novemba 1881.

Lakini jamani, msiwaachie watoto picha ya Mzungu na kalamu yake basi. Kila neno alipewa na mtu: shehe wa Mombasa, mzee wa Rabai, Mkamba wa msafara. Aliuliza, wakamjibu, na jaladani likabaki jina moja. Kazi yake naiheshimu sana, ila hilo kwangu ni deni ambalo halijalipwa.

Kwa hiyo nawaomba hivi. Hadithi ikiisha, kila mtoto aende akamuulize susu wake, yaani nyanya yake, majina ya miti, ya wadudu na ya vyombo vya zamani. Mwalimu ayaandike kwenye daftari la darasa, na kando ya kila neno liandikwe jina la susu aliyelitoa. Anzeni muhula ujao.