Kifungo kikali kinahitaji lista ya abiria
Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa memba



Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi ilitoka Minova na ikazama karibu ya kivuko cha Kituku, Goma, watu wa ng'ambo wakiiona kwa macho. Ilikuwa imejaza kupita kiasi. Njia ya gari ilikuwa imekatwa na vita, njo maana abiria walipanda tu. Kila boti inapozama, kwenye Ziwa Kivu ao Tanganyika, tunasikia neno moja: serikali iongeze kifungo.

Sheria inasema nini leo? Kodi penali yetu, kifungu cha 52 mpaka 54, inamuhukumu mwenye kuleta kifo ao kidonda kwa kukosa uangalifu, hata kama hakukusudia. Kwa kifo ni miezi 3 mpaka miaka 2. Kwa kidonda ni siku 8 mpaka mwaka 1, na faini juu yake. Mtu aliyefiwa na watoto watatu majini akisikia hivyo, anauliza: ni hayo tu?

Mimi niko upande wa kuongeza. Lakini angalieni, vifungu hivyo vinangoja mtu afe ao aumie kwanza. Boti ikijaza mara mbili na ikafika salama, mwenyewe anahesabu franga zake, kesho anajaza tena. Sheria mpya iguse kosa pale kivukoni, mbele boti haijaondoka.

Na iko jambo la pili. Kisha Merdi, viongozi walitoa hesabu za wafu zenye kutofautiana. Bila lista ya kweli, mama ataonyesha namna gani kama mtoto wake alikuwa ndani? Kifungu cha 258 cha kodi sivili kinasema mwenye kuharibu kwa kosa lake alipe. Lakini bila jina kuandikwa, kudai malipo ni kazi ngumu, na hata kifungo cha miaka 20 hakitarudisha jina hilo.

Wengi wenu mlirudi kwa meli ya HCR kutoka Kigoma mpaka Baraka, kuanzia 2005. Kila jamaa iliandikwa kabla ya kupanda. Kwa nini leo, tukienda soko, tukubali kupanda kama mizigo?

Basi naomba mambo matatu. Memba asipande bila jina lake kuandikwa, na lista ibaki kivukoni, si ndani ya boti. Komite ipeleke barua kwa madeputé wetu juu ya hiyo sheria. Wafadhili watusaidie kununua jile za kuokolea, za watoto pia.

Kungoja boti ingine izame ndipo tuseme, hapana.