Neno "Mashindano" na Matumizi Yake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imeniagiza niseme machache juu ya neno mashindano, kwa kuwa limo katika azimio linalongoja kura zenu leo, kwamba msaada wa karo "utolewe kwa mashindano". Mimi ni karani, na karani hupima neno kabla ya kulipiga chapa.

Asili yake ni kushinda. Twasema mtu ameshinda kesi, tena twasema ameshinda shambani, yaani alikuwako mchana kutwa. Tukiongeza -ana mwishoni twapata kushindana, jambo la watu wawili au zaidi, kama kupigana na kupendana. Mtu peke yake hawezi kushindana. Katika michezo ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, Kipchoge Keino alipata dhahabu ya mita 1,500, akamwacha nyuma Jim Ryun wa Marekani. Mkenya mwenzake, Ben Jipcho, ndiye aliyeongoza mzunguko wa kwanza kwa kasi kubwa ili mbio ziwe ngumu kwa Ryun, naye akamaliza wa 10. Nani atasema Jipcho hakufanya kazi siku ile?

Wafanyabiashara wana neno lao, ushindani. Mashindano yana siku yake, mwamuzi na zawadi. Ushindani hauna kipenga cha mwisho. Muuza sukumawiki akipunguza bei kwa sababu ya jirani yake, hapati kikombe jioni, bali mnunuzi hufaidika. Ndiyo sababu Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 yawakataza wauzaji kupatana juu ya bei, ingawa kupatana ni neno tamu masikioni.

Tunapolikosea neno hili hasa ni shuleni. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulioanza mwaka 1985 ukakoma mwaka 2023, wengi wetu tuliugeuza mbio. Mtihani huuliza, je, mtoto huyu amejua? Mashindano huuliza, nani amemtangulia nani? Mtoto mwenye alama 70 kwa 100, akiwa wa 30 darasani, huambiwa ameshindwa. Na katika lugha yetu kushindwa ni kupitwa, tena ni kutoweza. Mtoto hupokea maana zote mbili.

Azimio likipita lilivyo, wa kwanza mpaka wa tatu watalipiwa karo. Wa nne, hata akiwa yatima aliyefaulu vizuri, atakosa. Naomba tuandike, "kwa waliofaulu, wenye shida wakitangulizwa". Wazee wengine wameniambia kwamba pasipo mbio watoto watalala. Huenda, lakini fedha hizi zilichangwa kwa jina la ustawi, si za kununulia vikombe.

Karatasi za kura ziko kwa Mweka Hazina. Maneno ya Halmashauri na haya yangu yote yameandikwa humo.