Mfuniko, Kikapu na Gunia la Mkaa

Mada kwa viongozi wa vikundi vya VICOBA, Dar es Salaam



Kabla sijaanza, naomba kikapu kilicho hapa mezani kisiguswe. Ndani yake mna sufuria ya maharage. Yalilowekwa jana usiku, leo asubuhi yakachemka robo saa kwenye mkaa, yakaingia humo saa mbili na nusu, mgeni rasmi akiwa bado yuko njiani. Tangu hapo hayajaona moto. Tutayarudia.

Nimefundisha sayansikimu miaka mingi, na semina za mazingira nimezikalia mpaka nikazizoea. Nyingi huanza na barafu inayoyeyuka nchi za mbali, zikaishia kwenye kupanda miti. Sina ugomvi na miti. Ila wengi wetu tumepanga chumba na sebule, hatuna hata pa kuotesha mpapai. Tulichonacho ni jiko, nalo huwashwa kila siku ya Mungu.

Mkaa tunaonunua kwa kopo hutoka Kisarawe, Rufiji, Morogoro, hadi Handeni. Mwingi huchomwa kwenye matanuri ya udongo, na tanuri la udongo ni lafi: kilo moja ya mkaa hula kilo tano hadi kumi za kuni. Basi ule mkono wa mkaa unaoongeza "ili yaive upesi" ulikuwa gogo.

Na hayaivi upesi. Hapa pwani maji yakishachemka yamefika nyuzi 100, na hayapandi tena. Chochea, pepea mpaka cheche ziruke. Utakachoongeza ni mvuke wa kuwapelekea majirani. Kinachoivisha maharage ni muda ndani ya joto lile lile. Mbeya, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana maharage yanayoiva vizuri hapa humtesa mpishi wa kule. Presha kuka huzuia mvuke, joto likapanda karibu nyuzi 120, kazi ikaisha mapema. Sufuria ya kawaida inaomba mambo mawili tu: ifunikwe, na ikishachemka moto upunguzwe. Mfuniko uliopotea ununuliwe. Sahani ya bati nayo inatosha.

Kuloweka ndiko kugumu, ingawa hakuna asiyekujua. Tatizo ni kwamba maharage hukumbukwa saa nne asubuhi, watoto wakikaribia kurudi shule. Hapo ndipo magadi huitwa, yakalainisha kweli, na vitamini B1 ikaondoka nayo. Mimi niliacha kujilaumu, nikakufunga kuloweka kwenye kuosha vyombo: sufuria ya mwisho kuoshwa usiku hairudi kabatini, inapokea maharage na maji. Sikumbuki tena kuloweka. Sufuria ndiyo inayonikumbusha.

Kikapu nacho hakina siri. Chukua kikapu cha ukili au boksi gumu, kitandike khanga kuukuu, kati weka sufuria yenye mfuniko, juu kandamiza mto wa sufi. Joto likikosa pa kutokea, linaendelea kupika. Lakini maharage yachemke kwa nguvu dakika kumi au zaidi kabla ya kuingia, kwa kuwa yale mekundu yana sumu ambayo joto la uvuguvugu haliiui. Na usichungulie. Mara yangu ya kwanza nilichungulia mara tatu, na usiku ule tulikula mkate.

Mtaniuliza kuhusu umeme. Presha kuka ya umeme huivisha nusu kilo ya maharage bila kumaliza uniti moja. Lakini wapo humu walio kwenye bei ya matumizi madogo, wanaohesabu wasivuke uniti 75 kwa mwezi, wakapanda daraja na bei. Wakiambiwa waogopa maendeleo, wanaonewa, wamepiga hesabu. Serikali ilitoa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwaka 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati hiyo ifikapo 2034. Hadi hapo kutapikwa maharage mengi sana.

Nitaje na mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Mifuko iliondoka, sisi tukaendelea kwenda sokoni mikono mitupu, na vile vifungashio laini vya karanga vikapandishwa cheo kubebea nyanya. Sheria iliweza kuondoa mfuko. Kikapu cha bibi, kilichoning'inia kwenye msumari kando ya mlango, hakuna sheria itakayokirudisha pale. Msumari unapigiliwa na mwenye nyumba, au mpangaji akipewa ruhusa.

Kwa hiyo siji na azimio. Naomba kila kikundi kitenge ukurasa mmoja kwenye daftari la hisa. Wiki mbili kila mmoja apike kama alivyozoea, akiandika makopo ya mkaa aliyonunua. Wiki mbili zinazofuata aloweke, afunike, atumie kikapu akiweza. Tofauti ya fedha iingie kwenye mfuko wa jamii mbele ya macho ya wote. Asiyeona tofauti naye aseme, tutajua ni jiko bovu au ni mdomo wa mshauri.

Saa yangu inasema saa saba kasorobo. Mama uliyeguna nilipotaja mto wa sufi, njoo na kijiko. Ondoa mto taratibu, sufuria bado ni ya moto.