Dada, Usiache Karatasi Tupu



Ndugu zangu katika imani, ni katika mwezi huu wa Ramadhan wahyi ulipoanza kushuka, na ulianza kwa amri ya kusoma. Amri hiyo si ya wanaume peke yao. Kwa hivyo leo nazungumza nawe, dada yangu uliye shule, na mzazi wako akae karibu asikize.

Likizo iliyopita tulikaa na wasichana wa madrasa, kwanza Kitale halafu Bungoma, tukifundishana kuandika wasifukazi, yaani CV. Binti mmoja wa kidato cha nne aliandika jina lake, akaweka kalamu chini. "Dada, mimi sina cha kuandika."

Nikamwuliza, jioni huwa wafanya nini? Akasema huwasomesha watoto alifu na be, halafu humshikia mamake hesabu za duka. Subhanallah! Sasa hiyo si kazi? Tukaandika: amesomesha watoto wangapi, tangu mwaka gani, na hesabu za duka anaziwekaje. Karatasi ikaanza kujaa.

Lakini tusijaze uongo. Nami nina langu la kukiri. Katika CV yangu ya kwanza niliandika kwamba najua kuunda programu za kompyuta, na nilichojua ni kupiga chapa tu. Siku ya mahojiano nikaambiwa, haya, kaa hapa utuonyeshe. Jasho lilinitoka! Kazi nikaikosa, na ilikuwa haki yao kuninyima.

Dada yangu, wewe ukifunga hunywi maji hata ukiwa peke yako chumbani. Basi na karatasi yako iwe hivyo hivyo. Bi Khadija (R.A.) alimkabidhi Mtume wetu (S.A.W.) mali yake ya biashara aipeleke Sham, kabla hajapewa utume, kwa kuwa alisikia sifa za ukweli na uaminifu wake. Sifa njema ilitangulia, kazi ikafuata.

Ukurasa mmoja watosha: jina na simu, masomo, kazi ulizofanya hata za kujitolea, lugha unazojua, na watu wawili wa kukushuhudia. Hao waombe ruhusa kwanza.

Haya, kazi gani? Wengi tukisikia sayansi twafikiria udaktari tu. Tazama shambani. Mbegu ya mahindi H611, iliyotoka mwaka 1964, ilizaliwa na utafiti wa hapa hapa Kitale, kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mengine kutoka Ecuador. Hiyo ni sayansi, na imelisha nyumba zetu. Na si mbali na sisi, wasichana watano wa shule ya upili ya Kisumu Girls waliunda programu ya simu iitwayo i-Cut, ya kuwasaidia wasichana wanaokabiliwa na ukeketaji. Mwaka 2017 iliwafikisha California kwa mashindano ya Technovation. Walikuwa wanafunzi kama wewe.

Sasa nisikize vizuri. Mlango wa kazi hizi hufungwa mapema, kabla hata ya CV. Tangu Januari 2026 anayeingia Gredi ya 10 huingia kwa mkondo aliochagua: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Ukikimbia hesabu na fizikia leo kwa woga, kesho uhandisi utauona kwa dirishani.

Wazazi wetu, kabla binti hajachagua, muulizeni anapenda nini, na muulizeni mwalimu anaweza nini. Msiseme "hilo ni somo la wavulana." Vyuo viko karibu: Kitale kuna polytechnic ya kitaifa, Bungoma kuna Chuo Kikuu cha Kibabii na Chuo cha Sang'alo, na Kakamega kuna Masinde Muliro. Mpelekeni siku moja akaone kwa macho yake.

Na wewe dada, usiku wa leo baada ya Tarawehe, chukua karatasi. Andika jina lako, kisha andika jambo moja la kweli ulilolifanya kwa mikono yako. Kesho ongeza la pili. Mpaka Idi, inshaallah, utakuwa na CV yako, na hakuna neno ndani yake litakalokuaibisha.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.