Barua za Leibniz: hazina ya Hannover inayoorodheshwa kwa zaidi ya karne moja

Wataalamu nchini Ujerumani wamekuwa wakiorodhesha na kuchapisha barua za mwanafalsafa Gottfried Wilhelm Leibniz kwa zaidi ya karne moja, na kazi hiyo imepangwa kukamilika mwaka 2055. Makala hii inaeleza kwa nini barua za mtu mmoja zinahitaji muda mrefu kiasi hicho, na kuna faida gani kuzitunza.

Mpenzi msikilizaji, tarehe 14 Novemba mwaka 1716, Gottfried Wilhelm Leibniz alifariki dunia mjini Hannover, kaskazini mwa Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 70. Hakuwa na mke wala mtoto, na mrithi wake alikuwa mtoto wa dada yake. Mrithi huyo alipata fedha, lakini karatasi za marehemu hakuzipata. Zilitiwa muhuri kwa amri ya serikali na kuhifadhiwa katika maktaba ya watawala wa Hannover.

Sababu haikuwa mapenzi ya falsafa. Leibniz alikuwa ameutumikia ukoo wa watawala hao kwa miaka 40, akiwa mshauri, mkutubi, mwanasheria na mwandishi wa historia yao. Alijua mengi ya ndani. Tangu mwaka 1714 mtawala wa Hannover alikuwa pia Mfalme George wa Kwanza wa Uingereza, na wakuu wake walihofia kwamba miongoni mwa karatasi hizo zimo siri za dola ambazo zingeweza kuangukia mikononi mwa watu wengine. Hofu hiyo ndiyo iliyoziokoa. Karatasi za wasomi wengi wa zama zile zilitawanyika, zikauzwa mnadani au zikatumika kufungia bidhaa madukani. Za Leibniz zilibaki pamoja, mahali pamoja, hadi leo.

Mkusanyo huo umo katika maktaba ya Hannover inayoitwa kwa jina lake. Kwa jumla kuna hati zipatazo 50,000, na kati yake barua ni takriban 15,000, zilizoandikwa na Leibniz au alizoandikiwa na watu wapatao 1,100. Walikuwemo wafalme na mapadre, wanahisabati na matabibu, mafundi wa saa, wachapaji vitabu na wasafiri. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliziingiza barua hizo katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Msikilizaji anaweza kuuliza, kwa nini barua na si vitabu? Jibu ni kwamba katika uhai wake Leibniz alichapisha kitabu kimoja tu kikubwa cha falsafa, kile kinachozungumzia wema wa Mungu na kuwepo kwa uovu duniani, kilichotoka mwaka 1710. Mambo mengine makubwa aliyoyafikiri aliyaweka katika makala fupi na katika barua. Hoja zake kuhusu hali halisi ya vitu alizijenga akijibizana na padre wa Kifaransa, Antoine Arnauld. Hoja zake kuhusu mahali na wakati alizitoa katika mwaka wa mwisho wa maisha yake, akipingana na Mwingereza Samuel Clarke. Yeye mwenyewe aliwahi kumwandikia rafiki yake, mwaka 1696, kwamba mtu anayemjua kwa yale yaliyochapishwa tu bado hamjui. Kwa hiyo anayeziorodhesha barua za Leibniz hafanyi kazi ya karani peke yake. Anatengeneza ramani ya fikra ambazo mwenyewe hakuwahi kuzikusanya.

Uzito wa kazi hiyo unaonekana vizuri katika ugomvi maarufu kati yake na Isaac Newton. Wote wawili waligundua hisabati ya kalkulasi, ambayo bila yake uhandisi na fizikia ya leo visingekuwapo. Newton alitangulia kuigundua, katika miaka ya 1660, lakini hakuichapisha. Leibniz aliifikia kwa njia yake mwenyewe mjini Paris mwaka 1675, akaanza kuichapisha mwaka 1684. Wafuasi wa Newton walimtuhumu kuwa mwizi. Mwaka 1712 kamati ya jumuiya ya wanasayansi ya London, Royal Society, ilitoa ripoti iliyompa Newton ushindi. Newton ndiye aliyekuwa rais wa jumuiya hiyo, na baadaye ilibainika kuwa alikuwa na mkono mkubwa katika kuiandika ripoti yenyewe.

Kesi nzima ilisimama juu ya barua. Leibniz alisoma nini, na lini? Newton alimpelekea barua mbili mwaka 1676, kupitia kwa katibu wa Royal Society. Lakini miongoni mwa karatasi za Hannover imo hati yenye tarehe 29 Oktoba mwaka 1675, ambamo Leibniz anatumia kwa mara ya kwanza alama ya herufi S ndefu, ile ile inayotumiwa na wanafunzi wa hisabati duniani kote hadi leo. Tarehe hiyo inatangulia barua za Newton. Wanahistoria wa sayansi sasa wanakubaliana kwamba kila mmoja aligundua kivyake. Heshima ya mtu, iliyochafuliwa alipokuwa hai, ilirejeshwa na karatasi iliyotunzwa na kuandikwa tarehe yake.

Hata hivyo, kuijua tarehe si jambo jepesi. Katika karne ya 17 Ulaya ilikuwa na kalenda mbili. Nchi za Kikatoliki zilifuata kalenda mpya iliyotangazwa na Papa Gregory wa 13 mwaka 1582, ilhali nchi nyingi za Kiprotestanti, Hannover ikiwemo, zilishikilia ile ya zamani, iliyokuwa nyuma kwa siku kumi. Barua ya pili ya Newton iliandikwa tarehe 24 Oktoba kwa hesabu ya London. Mjini Paris siku hiyo ilikuwa tarehe 3 Novemba. Waprotestanti wa Ujerumani waliihama kalenda ya zamani mwaka 1700, wakaruka kutoka tarehe 18 Februari hadi tarehe mosi Machi, lakini Uingereza ilisubiri hadi mwaka 1752. Aidha, kwa Waingereza mwaka mpya kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Mwenye kuorodhesha asipokuwa mwangalifu, jibu la barua laweza kuonekana limeandikwa kabla ya swali.

Kuna pia barua zisizo na tarehe kabisa. Hapo mtaalamu huangalia mwandiko, wino, na hasa karatasi yenyewe. Karatasi za zama zile zilikuwa na chapa ya kiwanda inayoonekana inapoelekezwa kwenye mwanga. Ikijulikana kwamba Leibniz alitumia karatasi ya chapa fulani katika kipindi fulani, barua isiyo na tarehe huweza kupatiwa mahali pake.

Swali jingine linaweza kushangaza: barua moja ni ipi? Leibniz aliandika rasimu, akaikata na kuisahihisha, akaandika rasimu ya pili, kisha karani akainakili kwa mwandiko safi, nayo ikapelekwa. Rasimu ilibaki Hannover. Barua iliyopelekwa huenda ipo Paris, London au mji mwingine, huenda imepotea. Mara nyingine rasimu ina aya nzima ambayo mwandishi aliifuta kabla ya kuituma, pengine kwa sababu ya adabu, pengine kwa hofu. Orodha nzuri hutaja zote: nani aliandika, kwa nani, kutoka wapi, lini, kwa lugha gani, maneno ya kwanza ni yapi, na kila nakala inapatikana wapi. Lugha zenyewe ni nyingi, ingawa Kilatini, Kifaransa na Kijerumani ndizo zilizotawala.

Mtu wa kwanza kuupa mkusanyo huo orodha kamili iliyochapishwa alikuwa Eduard Bodemann, mkutubi wa Hannover. Mwaka 1889 alichapisha orodha ya barua, na mwaka 1895 orodha ya hati nyingine. Alizipanga barua kwa majina ya walioandikiana na Leibniz, kila mtu na jalada lake, na namba alizozitoa bado zinatumika. Mpango huo humsaidia anayemtafuta mtu fulani. Haumsaidii anayetaka kujua Leibniz alikuwa akifikiri nini katika mwezi fulani, kwa kuwa siku hiyo hiyo aliweza kumwandikia binti mfalme kuhusu roho, mhandisi kuhusu pampu za maji migodini, na mwanahisabati kuhusu namba.

Mwaka 1901 vyuo vya wanazuoni vya Ufaransa na Prussia vilikubaliana kushirikiana kuyachapisha maandishi yote ya Leibniz, na hatua ya kwanza ikawa kutengeneza orodha mpya inayofuata tarehe. Paul Ritter wa Berlin alikuwa miongoni mwa waliobeba mzigo huo. Sehemu ya kwanza ya orodha ilitoka mwaka 1908. Ndipo Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, na Wafaransa na Wajerumani waliokuwa wakikaa meza moja juu ya karatasi za mtu aliyetamani umoja wa Ulaya wakajikuta katika pande mbili za mahandaki. Ushirikiano huo ulivunjika. Wajerumani waliendelea peke yao, na juzuu la kwanza likachapishwa mwaka 1923.

Leo kazi hiyo inafanyika katika vituo vinne: Hannover, Münster, Potsdam na Berlin. Toleo zima limegawanywa katika mifululizo minane, na mitatu kati yake ni ya barua: za siasa na historia, za falsafa, na za hisabati na sayansi. Juzuu zaidi ya 60 zimekwishatoka. Orodha ya Ritter, iliyokuwa kwenye vikaratasi, sasa imo kwenye intaneti, na msomaji aliyeko Muscat, Nairobi au Toronto anaweza kuipekua bila malipo. Hata ile desturi ya Leibniz ya kukata karatasi kubwa vipande vipande imepata dawa: programu ya kompyuta husaidia kuvipatanisha vipande hivyo. Jambo hilo lina utamu wake, maana Leibniz mwenyewe alibuni mashine ya kukokotoa, na alieleza jinsi namba zote zinavyoweza kuandikwa kwa 0 na 1, hesabu ambayo ndiyo lugha ya kompyuta.

Barua hizo hazikuishia Ulaya. Mmisionari wa Kifaransa, Joachim Bouvet, alimwandikia kutoka Beijing mnamo Novemba 1701, akiambatisha mchoro wa Kichina wa alama 64. Barua ilimfikia Aprili 1703, baada ya miezi 17 njiani. Leibniz aliona katika alama hizo mfano wa hesabu yake ya 0 na 1. Mchoro huo, pamoja na tarakimu alizozijazia kwa mkono wake, upo Hannover.

Afrika nayo imo. Leibniz aliandikiana kwa miaka mingi na Hiob Ludolf, mwasisi wa elimu ya Ethiopia barani Ulaya, kuhusu asili na udugu wa lugha. Elimu hiyo Ludolf aliipata kwa sehemu kubwa kutoka kwa kasisi wa Kihabeshi, Abba Gorgoryos, aliyekutana naye Roma mwaka 1649 na baadaye kufanya naye kazi mjini Gotha. Hali kadhalika, kupitia kwa Nicolaes Witsen wa Amsterdam, Leibniz alipata sala ya Baba Yetu katika lugha ya Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika. Hapa orodha inayofuata majina ya waandishi inaonyesha upungufu wake. Humtaja aliyeshika kalamu, humsahau aliyetoa elimu. Gorgoryos alifariki mwaka 1658, Leibniz akiwa bado mtoto, na hana jalada lake. Mkhoikhoi aliyeitamka sala ile hana hata jina. Ndiyo maana wahariri wa sasa hutengeneza pia faharasa za watu na mambo yanayotajwa ndani ya barua.

Wapo wanaouliza kama inafaa kutumia karne na nusu kwa karatasi za mtu mmoja. Je, uteuzi wa zile zilizo bora usingetosha? Historia ina jibu. Mwaka 1903 Mfaransa Louis Couturat alichapisha vipande vya mantiki alivyovikuta Hannover, ambavyo wateuzi waliomtangulia walivipita wakiviona havina maana. Vikageuza kabisa namna wanafalsafa walivyomwelewa Leibniz. Kizazi kimoja hakijui kizazi kijacho kitauliza nini. Kinachoweza ni kukiwekea vitu mahali vinapoonekana.

Hilo si geni kwa wasomaji wa Kiswahili. Barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958 zilisomwa na watu wote baada ya kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 2002, zikahaririwa na Profesa Mulokozi. Zilikuwepo kwa sababu aliyezipokea hakuzitupa. Hakuna mfalme aliyezitia muhuri; ulitosha uangalifu wa ndugu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Barua za Leibniz ni mali iliyokwishapatiwa daftari, ingawa daftari lenyewe bado linaandikwa. Na hadi hapo, mpenzi msikilizaji, makala hii inafikia tamati. Kwa herini.