MSHIPI UNAOVUTWA NA MKONDO



Mto Gura, nchini Kenya, hushuka kwa kasi kutoka milima ya Nyandarua, na maji yake ni baridi. Ndani yake yumo samaki aitwaye trauti. Asili yake si huko; mwaka 1905 mlowezi Mwingereza, Ewart Grogan, alileta mayai yake kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki hao wakapandikizwa humo. Huvuliwa kwa ufito, mshipi na inzi wa bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu aangukaye majini.

Miaka kadhaa iliyopita, mzee mmoja aliyezoea kuwaongoza wavuvi alinifundisha kazi hiyo. Alinionyesha trauti aliyetulia nyuma ya jiwe, ng'ambo ya mto, kichwa kikielekea yatokako maji. Hapo maji ni ya polepole, hivyo samaki hachoki, na mkondo wa kasi ulio kando yake humletea chakula. Nilirusha mshipi, inzi akatua mahali pake barabara. Trauti akapanda, akamtazama, akarudi chini. Nikabadili inzi mara ya pili, na mara ya tatu. Mara ya nne samaki akatoweka.

Nikasema, "Mzee, inzi hawa hawafai." Akajibu, "Padre, inzi ni wazuri, na umewatupa mahali pazuri. Tazama mshipi wako."

Kati yangu na lile jiwe palikuwa na mkondo wa kasi, na mshipi ulikuwa umelala juu yake. Mkondo uliubeba, ukaupinda kama upinde, nao mshipi ukamkokota inzi. Mdudu wa kweli huelea kwa mwendo wa maji yaliyombeba. Wangu alikuwa akiyakata maji na kuacha alama nyuma yake. Samaki alitambua kwamba anavutwa.

Mzee akanipa dawa mbili. Ya kwanza: mara mshipi utuapo, uinue kwa ncha ya ufito, uulaze upande wa juu wa mto kabla mkondo haujaukamata. Ukingoja mpaka inzi aanze kukokotwa, umechelewa. Ya pili: sogea karibu. Mwendee samaki kutoka nyuma, polepole, usimshtue. Mshipi ukiwa mfupi, utaweza kuuinua wote juu ya maji ya kasi.

Ndugu wapendwa, siku ile nilirudi bila samaki, lakini nikiwaza juu ya barua. Baada ya maziko ya baba yetu, mdogo wangu aliuza ng'ombe wa mama bila kutushauri. Nilimwandikia kumwonya. Kila nilichoandika kilikuwa kweli. Lakini kati yetu ulipita mkondo wa miaka mingi: hasira yangu tangu alipoacha shule, na kiburi cha kaka mkubwa ambaye tena ni padre. Hakujibu. Nikaandika barua ya pili, na ya tatu, kila moja kwa maneno matamu kuliko iliyotangulia. Nilikuwa nabadili inzi tu. Kwa miaka minne hakufika nyumbani, hata Noeli, na mama aliendelea kumwekea sahani mezani.

Basi nikapanda gari nikamwendea. Niliketi kwenye benchi lake, na kabla ya kutaja neno lolote la ng'ombe, niliungama kwake hasira yangu na kiburi changu. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akamwita mkewe, akasema, "Mletee kaka chai." Habari ya ng'ombe hatukuigusa siku ile, na hadi leo haijamalizika. Lakini mwezi uliofuata alikuja kumwona mama.

Bwana wetu, alipofundisha juu ya mtu aletaye sadaka altareni naye akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, alimwagiza aiache sadaka na aende kwanza kupatana naye. Alimtaka aende mwenyewe.

Nanyi wazazi, mnaowaonya watoto wenu. Nanyi makatekista, mnaowafuata vijana walioacha mafundisho: mara nyingi neno lenu ni jema na kweli. Likikataliwa, msiharakishe kutafuta neno jingine. Chunguzeni kwanza ni nini kinachopita kati yenu na mtu huyo, na ni nini kinacholivuta neno lenu. Liondoeni hilo mapema, kisha msogeleeni. Pengine hapa pana msikilizaji ambaye mama yake anaweka sahani isiyo na mlaji. Asiandike barua nyingine. Aende.

Mungu awabariki. Amina.