Tom Robinson Akifika Kilindoni: Filamu za Ubaguzi na Watoto Wetu Wakubwa



Mada niliyopewa hapa Kilindoni, kisiwani Mafia, ni filamu za zamani kuhusu ubaguzi wa rangi, na namna ya kuziangalia pamoja na watoto waliokwisha kupata akili za kuuliza: wa darasa la saba na wa sekondari. Msimamo wangu nautoa mapema. Filamu hizo zinamlea mtoto pale tu mtu mzima anapoketi naye, akaisimamisha picha, na akakubali kuulizwa swali linalomhusu yeye mwenyewe. Mtoto akiziangalia peke yake atajifunza kuwachukia Wazungu wa Alabama waliokwisha kufa zamani, na hapo somo litakuwa limekwisha.

Nianze na iliyo maarufu kuliko zote. To Kill a Mockingbird, iliyoongozwa na Robert Mulligan kutokana na riwaya ya Harper Lee, ilitoka Desemba 1962, mwezi uleule Tanganyika ilipokuwa Jamhuri. Atticus Finch, wakili katika mji mdogo wa Alabama, Kusini mwa Marekani, anamtetea Tom Robinson, mtu mweusi aliyesingiziwa kumbaka msichana wa Kizungu. Ushahidi unaonyesha kwamba aliyempiga yule msichana alitumia mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto wa Tom umelemaa. Kila mwenye macho anaona. Waamuzi, wote wanaume wa Kizungu, wanamtia hatiani hata hivyo.

Kuna mahali pawili ambapo mimi husimamisha picha. Pa kwanza ni usiku nje ya jela. Kundi la wanaume limekuja kumtoa Tom wamuue. Scout, binti wa wakili, anapenya katikati yao, anamtambua mmoja wao, anamsalimu kwa jina na kumuulizia mwanawe anayesoma naye. Yule bwana anaona haya, na kundi linatawanyika. Watoto wetu hulielewa tukio hili upesi, kwa sababu wamekwisha kusikia ukelele wa mwizi na kusoma magazetini habari za wananchi wenye hasira kali. Nikiwauliza ni nani kati yao angeweza kuingia katikati ya kundi kama lile, ukumbi hunyamaza. Ukimya huo nauthamini kuliko majibu mengi ya mtihani.

Pa pili ni mahakamani. Wazungu wameketi chini, watu weusi wako juu, roshani. Watoto wa wakili wanapanda na kuketi nao huko juu. Hapo nauliza: nani ameketi wapi, na nani aliyepanga? Kisha nawaambia watoto kwamba roshani ile ilikuwapo kwetu pia. Chini ya Waingereza, Tanganyika ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, na fedha hazikugawanywa sawa. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, mpiga kura alilazimika kupiga kura tatu: moja kwa Mzungu, moja kwa Mwasia, moja kwa Mwafrika. Uamuzi wa chama cha TANU kule Tabora, Januari 1958, wa kuingia katika uchaguzi ule, watoto wanausoma kwenye vitabu vya historia wakaukariri bila kuuhisi. Wakishauona ukumbi ule wa Alabama, wanauhisi.

Hata sinema yenyewe ilikuwa na roshani yake. Wakaguzi wa serikali ya kikoloni waliweza kuruhusu filamu ionyeshwe kwa Wazungu na Wahindi, na filamu hiyohiyo wakaizuia kwa Waafrika, wakihofia kwamba Mwafrika akimwona Mzungu mwizi, mlevi au mwenye kushindwa, heshima ya mtawala ingepungua. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za elimu kwa ajili ya Waafrika kule Vugiri, katika jimbo la Tanga. Nia yake inaweza kutetewa. Lakini nyuma yake ilisimama imani kwamba mtazamaji Mwafrika ana akili ya namna yake, apewe picha nyepesi zinazokwenda polepole. Kijana wa Kilindoni anayejua kukata na kuunga video kwenye simu yake anastahili kujua kwamba babu zake waliwahi kufikiriwa hivyo.

Mtaniuliza kuhusu lugha. Kiingereza cha Kusini mwa Marekani kinamshinda hata mwalimu. Jibu tunalo siku nyingi, kwenye vibanda umiza. Lufufu hapa Tanzania, DJ Afro kule Kenya na VJ Jingo kule Uganda wameonyesha kwamba mtu mmoja mwenye ulimi mzuri anaweza kuichukua filamu ya mbali akaieleza kwa lugha ya watu wake, akaongeza, akakosoa, akamjibu mhusika papo hapo. Baadhi ya wasomi huidharau kazi hii. Mimi naiona kuwa njia bora kabisa ya kufundishia filamu, maana mfasiri wa kibandani hamwachi mtazamaji ameze kila kitu kimyakimya. Mwalimu aichukue.

Na akiichukua, asiogope kuikosoa filamu yenyewe. Mockingbird ina kasoro kubwa: shujaa ni Mzungu, na mtu mweusi ndiye anayeteseka ili wema wa Mzungu uonekane. Tom anasema machache. Mkewe, anapoletewa habari kwamba mumewe amepigwa risasi, anaanguka, nasi hatujui alikuwa na mawazo gani. Waambieni watoto wamwandikie mkewe Tom maneno yake. Mtashangaa watakachoandika.

Sasa nije nyumbani, ndiko nilikokuwa nikielekea tangu mwanzo. Kisiwa hiki kilijaa minazi kwa mikono ya watumwa. Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa Sultani wa Zanzibar marki milioni 4 kwa ajili ya mwambao pamoja na Mafia, na waliokuwa wakilima katika mashamba ya wenyeji wa kisiwa jirani cha Chole hawakuulizwa kitu, wala hawakuachiwa huru. Wajerumani waliamuru kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya mwaka 1905 awe huru. Mzazi wake akabaki alivyo. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu, chini ya Waingereza. Hesabuni, wazee wangu. Mzee wa miaka 80 aliyeketi hapa angeweza kulelewa na bibi aliyezaliwa mtumwa. Jambo hili liko karibu hivyo, nasi hatulisemi mbele ya watoto. Wao hulisikia siku ya ugomvi tu, pale mtu anapotajiwa asili yake ili anyamaze. Au siku ya posa.

Ndiyo maana filamu ya pili ninayoipendekeza ni Guess Who's Coming to Dinner, ya Stanley Kramer, iliyotoka Desemba 1967. Mwaka huohuo, tarehe 12 Juni, Mahakama Kuu ya Marekani ilizibatilisha sheria za majimbo zilizokuwa zikikataza ndoa kati ya Wazungu na watu weusi. Katika filamu, binti wa Kizungu anamleta nyumbani mchumba wake, daktari mweusi, aliyechezwa na Sidney Poitier. Baba wa binti ni mwenye gazeti, mtu aliyepinga ubaguzi maisha yake yote. Leo ubaguzi umegonga mlangoni kwake, na anasita. Baba wa daktari naye, mtu mweusi aliyefanya kazi ya posta, hataki kabisa.

Nani hapa hajaketi kwenye kikao ambamo kijana msomi, mcha Mungu, mwenye kazi, alikataliwa kwa kuwa si kufu ya bwana fulani? Kufu wanazuoni wameijadili kwa urefu, nami sitaingia katika kazi yao. Ninachokijua ni kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwoza Zaynab binti Jahsh, wa ukoo mtukufu, kwa Zayd bin Haritha aliyekuwa mtumwa akaachwa huru; na kwamba katika hotuba ya kuaga alikana ubora wa Mwarabu juu ya asiye Mwarabu, isipokuwa kwa uchamungu. Mtoto aliyefundishwa hayo madrasa, kisha akamwona dada yake akizuiwa, atauliza. Ni bora aulize akiwa nawe mbele ya filamu kuliko aulize siku posa imekwisha kurudishwa.

Wala tusiwafundishe kwamba mbaguzi ana rangi moja. Mwaka 1970, Zanzibar, wasichana wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali, kwa hoja ya kuondoa ubaguzi katika ndoa. Dhuluma iliyokuwa ikizuia ndoa iligeuka dhuluma ya kulazimisha ndoa, na kati ya dhuluma hizo mbili palikuwa na binti ambaye hakuulizwa.

Filamu ya tatu ni ya Mwafrika: La Noire de..., ya Ousmane Sembène wa Senegali, ya mwaka 1966, yenye urefu wa kama saa moja. Diouana anatoka Dakar kwenda kusini mwa Ufaransa akidhani atalea watoto. Anafungiwa ndani kupika na kufua, ameahidiwa mji asiouona. Humo kilio cha moyoni mwake tunakisikia kutoka kwake mwenyewe, jambo ambalo Mockingbird haikumpa mkewe Tom. Inaisha kwa yeye kujiua, kwa hiyo naiweka kwa vijana wa kidato cha tatu na kuendelea, na mtu mzima asiondoke mpaka wamezungumza. Lakini isiachwe. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania wafanyao kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti zimechukuliwa, mishahara haijalipwa, wengine wamepigwa. Mabinti wa mwambao huu wanakwenda huko. Na kabla hatujaitaja Muscat, tumuulize dada wa kazi aliye jikoni mwetu analala wapi, na anakula saa ngapi.

Najua hofu ya wazazi kwamba watoto wataumia. Wataumia kidogo, ndiyo. Lakini wazee wetu waliwasimulia watoto habari za miji ya kale ya Kua na Kisimani: jahazi lililoshushwa majini juu ya miili ya watoto, na kisasi cha wageni waliofungiwa chumbani chini ya ardhi katikati ya harusi. Hawakuwaficha watoto chuki ya watu wa visiwa vyetu wenyewe. Waliisimulia wakiwa wameketi nao, na msimulizi hakuondoka mpaka maswali yameisha.

Kwa hiyo walimu wenzangu, anzeni na Mockingbird, siku mbili na si moja, mkiisimamisha pale jelani na pale roshani. Siku ya pili mwalikeni mzee mmoja au bibi mmoja anayekumbuka alichosimuliwa kuhusu mashamba ya minazi, mwombeni aseme mwenyewe, na wanafunzi ndio wamuulize.